Majibu ya Nyuma ya Kitabu

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utapoteza muda wako bure, na ukidhani umeiona, basi kapimwe macho, maana serikali yako haihusiki. Inaitwa Jamhuri ya Tegemea. Ina Rais mmoja na mawaziri tisini na wawili, na mwaka ule ninaousema ilipokea makontena kumi na manne ya vitabu vya msaada.

Vilikuwa vitabu vya Kiingereza, vya mazoezi ya kusoma. Kwenye jalada walichorwa baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote wanacheka, hata mbwa. Ndani mlikuwa na habari fupi thelathini juu ya mahusiano ya binadamu na malezi ya watoto: namna mume anavyomsikiliza mkewe, namna mama anavyozungumza na mtoto aliyenuna, namna familia inavyokaa mezani na kupeana zamu ya kusema. Baada ya kila habari kulikuwa na maswali, na majibu ya maswali yote yalikuwa nyuma ya kitabu.

Waziri wa Malezi, Mahusiano na Kiingereza, Mheshimiwa Daktari Fanuel Kilumbe, alisoma kurasa mbili akalia. Udaktari wake, nisije nikasahau, alitunukiwa na chuo kimoja baada ya kukizindulia vyoo. Alilia mbele ya waandishi wa habari, akangoja wapiga picha wamalize, kisha akajifuta.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo ndipo nimejua kwa nini hatuendelei. Tunalea watoto kienyeji. Mtoto anaanguka, mama anamwambia pole. Hii pole ni kitu gani? Haina swali, haina jibu, haina alama. Kuanzia leo hakuna mtu atakayelea mtoto katika nchi hii kabla hajafaulu kitabu hiki."

Sheria ilipita siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu wabunge walikuwa na njaa. Kila mzazi angepewa mtihani mara tatu. Akishindwa mara ya kwanza, mtoto wake anachukuliwa na kuwekwa kwenye Kituo cha Watoto wa Wazazi Wasiofaulu. Akishindwa mara ya tatu, mtoto anapewa mzazi mwingine aliyefaulu, na yule wa kwanza anatakiwa aandike barua ya kushukuru.

Kulikuwa na dosari moja ndogo tu. Huko vitabu vilikotoka, mpiga chapa alichanganya karatasi, na yale majibu ya nyuma yalikuwa ya kitabu kingine kabisa, cha watalii wanaojifunza kuuliza njia na kununua vitu madukani. Swali likiuliza mtoto analia kwa nini, jibu lilikuwa, "Kwa basi la saa nne." Swali likiuliza nani ambembeleze, jibu lilikuwa, "Kilo mbili, tafadhali."

Karani mmoja wa wizarani aliliona jambo hilo akaandika barua. Waziri akaunda tume. Tume ilikaa siku kumi na nne kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikatoka na taarifa ya kurasa mia tatu, kwamba majibu ni sahihi kwa kuwa yamechapishwa, tena kwa karatasi nzuri. Kama kuna makosa, ilisema tume, basi yako ndani ya familia. Yule karani alihamishiwa mkoa ambako mvua hainyeshi, akawe mpima mvua.

Basi Tegemea nzima ikaanza kukariri. Kinyozi ananyoa huku anakariri, askari wa barabarani anasimamisha gari ili amsikilize dereva kama yuko sawa kwenye habari ya tisa. Na waliofaulu haraka kuliko wote walikuwa wale wasiojua Kiingereza hata cha kuombea maji. Hao hawakuwa na kitu cha kuwasumbua.

Aliyepata tabu ni Nakijwa Mbwambo, mkaanga mihogo wa mtaa wa Bomba Bovu. Nakijwa alikuwa na ugonjwa mbaya sana kwa mtu wa nchi ile: alikuwa anaelewa anachosoma.

Ugonjwa huo aliupata kazini. Kwa miaka tisa alikuwa yaya katika nyumba ya wageni fulani kutoka ng'ambo, akawalea watoto wao wawili kwa Kiingereza tangu wanatambaa. Yeye ndiye aliyewafundisha kusema samahani na asante, na ndiye aliyewashika walipoota ndoto mbaya, maana wazazi wao walikuwa mikutanoni wakizungumzia watoto. Siku walipohama walimwachia barua nzuri ya sifa na jiko la gesi linalovuja.

Baadaye akampata wa kwake, Namsifu. Baba wa mtoto alikwenda machimboni akaoa hukohuko, asilete hata salamu, kwa hiyo Nakijwa alimlea peke yake, kwa lugha mbili. Alikuwa akimenya mihogo kibarazani huku mtoto anamsomea chochote chenye maandishi, hata kopo la dawa ya mende. Namsifu alikuwa na miaka saba na aliuliza maana ya kila neno, akijibiwa anauliza tena. Nakijwa alichoka kujibu, alinung'unika, lakini hakuwahi kumpa mtoto yule maana ya uongo ili anyamaze.

Kwa hiyo siku ya mtihani wa kwanza alikwenda bila wasiwasi. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu, akamshika mwanawe mkono, akamkalisha kwenye benchi la nje, akaingia ofisini kwa Bwana Ezironi Lugome, Mkaguzi Mkuu wa Mazungumzo ya Nyumbani. Bwana Lugome alikuwa amevaa tai yenye picha ya yule mbwa wa kwenye jalada. Alimpa habari ya nne asome, juu ya mtoto ambaye kila baba yake akirudi kutoka kazini anajificha chini ya meza.

"Swali la kwanza," alisema Bwana Lugome. "Baba afanye nini?"

Nakijwa alifikiri. "Ainame amuulize mtoto anaogopa nini. Asimvute. Halafu ajiulize na yeye mwenyewe, huwa anaingiaje humo ndani."

Bwana Lugome alifunua nyuma ya kitabu, akapitisha kidole. "Sivyo. Jibu ni: 'Upande wa kushoto, baada ya duka la viatu.'"

"Bwana mkaguzi, hilo si jibu la swali hili."

"Mama, wewe umeisoma hii habari?"

"Nimeisoma yote."

"Umeielewa?"

"Nimeielewa."

Bwana Lugome alishusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. "Ndiyo shida yako," alisema. "Ulitakiwa kuifaulu."

Alipata sifuri katika ishirini. Mtoto alichukuliwa palepale, pale kwenye benchi, na mwanamke mmoja mwenye koti jeupe. Nakijwa alimng'ang'ania mwanawe, askari akambandua vidole kimoja kimoja, akimwomba radhi kwa kila kidole kwa sababu nao askari walikuwa wamefundishwa habari ya kumi na mbili, ya adabu. Namsifu hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mama, wananirudisha saa ngapi?" Swali hilo halikuwemo kitabuni, kwa hiyo hakuna aliyelijibu. Nakijwa alikabidhiwa hati iliyosema: mtoto mmoja, wa kike, mzima, viatu vipo.

Jirani yake, Bi Sikudhani, alimkuta amekaa mbele ya karai la mafuta yaliyopoa.

"Mama Namsifu, mwenzangu, wewe una kiburi," alisema Bi Sikudhani, naye hakuwa na nia mbaya. "Mimi sijui hata herufi moja, lakini nimefaulu kwa alama tisini na nane. Kasuku anaweza, wewe ushindwe? Kariri. Usisome swali. Ukilisoma umekwisha."

"Na watoto wako wanaonaje?"

Bi Sikudhani alitazama pembeni. "Watoto wamezoea. Juzi yule mdogo kaniambia tumbo linamuuma, nikamjibu 'Naomba chumba cha watu wawili,' maana mkaguzi wa nyumba kwa nyumba alikuwa dirishani. Akaenda kulala mwenyewe. Wamezoea." Akachukua kitabu. "Haya, habari ya kwanza. Sema nami."

Wakakariri wiki sita. Nakijwa alikaanga mihogo na kukariri, akaunguza mihogo na kukariri. Wateja walimvumilia kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mtoto na kila mmoja alikuwa na hofu.

Kila Jumamosi aliruhusiwa kwenda kumwona Namsifu kwa dakika kumi. Kituo kilikuwa jengo lililopakwa rangi ya waridi, limezungushiwa seng'enge, na juu ya lango pameandikwa kwa Kiingereza kwamba familia ni upendo. Shikamoo ilipigwa marufuku mle ndani kwa kuwa haikuwa na ukurasa. Mama na mtoto walikaa pande mbili za meza, na yule mwanamke wa koti jeupe, aliyeitwa Mlezi wa Taifa, alisimama katikati na kitabu. Mzazi na mtoto waliruhusiwa kuambiana yaliyomo kwenye majibu ya watoto tu.

Majibu yenyewe yalikuwa ya aina mbili. Yalikuwepo ya watoto, ambayo kituo kiliwakaririsha asubuhi na jioni, na yalikuwepo ya wazazi, ambayo yalikuwa siri ya serikali na mtoto hakuruhusiwa kuyaona wala kujua kwamba yapo. Waziri alikwisha kueleza kwamba mtoto akijua mzazi anasoma mahali, anamdharau.

"Mama, nataka nyumbani," alisema Namsifu Jumamosi ya kwanza.

"Hiyo haimo," alisema Mlezi wa Taifa, akafuta dakika mbili.

Nakijwa alimtazama mwanawe. Shingo ilikuwa imekonda na nywele zimenyolewa. Alitaka kumwambia: mwanangu, siku ya mtihani nitasema maneno, usiyasikilize, si yangu, nimepewa. Alifungua mdomo. "Namsifu, sikiliza, huko mtihanini mimi..."

"Haimo," alisema Mlezi wa Taifa, akafuta dakika zote zilizobaki. Akamsindikiza Nakijwa mpaka getini, na hapo akampa ushauri wa bure. "Mtoto wako ana shida kama yako. Tunamfundisha jibu, anauliza maana yake. Tumemnyima uji mara mbili, bado anauliza."

Mtihani wa pili ulikwenda vizuri mpaka swali la kumi na tisa. Nakijwa alikuwa akijibu macho yamefumba, duka la viatu, basi la saa nne, kilo mbili, na Bwana Lugome anatia vema tu. Ndipo likaja: mtoto akiugua, mama ajisikieje? Jibu lake alilijua vizuri. Lilikuwa, "Je, mnayo ya rangi nyingine?" Lakini Jumamosi iliyopita alimkuta Namsifu ana homa, midomo imekauka, anatetemeka ndani ya sweta la mtu mwingine, na hakuruhusiwa kumgusa hata paji la uso. Ulimi ukamgomea.

"Bwana mkaguzi," alisema, "homa yake imeshuka?"

"Mama, maswali ni ya serikali," alisema Bwana Lugome kwa upole mkubwa. "Wewe wa kwako ni majibu." Akakata karatasi yote kwa wino mwekundu.

Ikabaki mara moja. Na hiyo mara moja, Waziri aliamua, ingefanyika hadharani, Uwanja wa Taifa, Siku ya Malezi, mbele ya mabalozi waliotoa vitabu, ili waone vimefanya kazi gani. Wazazi wa mara ya tatu wangepandishwa jukwaani mmoja mmoja na watoto wao. Mzazi akifaulu, mtoto anaulizwa swali lake moja la kukubali kurudi, naye akilijibu sawasawa wanaondoka pamoja. Nyuma ya jukwaa, kwenye mstari, walikaa wazazi waliofaulu zamani ambao walikuwa wameomba kuongezewa watoto. Mama mmoja mnene aliyevaa miwani ya jua alikuwa ameshachagua. Alikuwa akimwonyesha mwenzake Namsifu kwa kidole, anasema yule mwembamba anafaa, atakula kidogo.

Hotuba zilikuwa saba. Mheshimiwa Kilumbe alizungumza saa mbili kasoro juu ya umuhimu wa kuwasikiliza watoto, na watoto waliolia kwa jua walitolewa uwanjani ili wasimkatize.

Kisha aliitwa Nakijwa. Alipanda na kile kitenge chake. Namsifu alisimamishwa hatua nne mbele yake, amevaa sare ya waridi, na Mlezi wa Taifa kamshika bega. Mama na mtoto walitazamana. Nakijwa alijisemea moyoni kwamba hatalisikia swali lolote, kwamba atakuwa kasuku, kwamba akishamfikisha mtoto nyumbani atamweleza yote, neno kwa neno, hata kama itachukua mwaka.

Bwana Lugome alisoma maswali kwenye kipaza sauti. Nakijwa akajibu. Akajibu la kwanza, la tano, la kumi na tisa. Ile ya rangi nyingine aliisema bila kutikisika, na Bi Sikudhani huko kwenye nyasi walikokaa watazamaji akafunika uso kwa kanga kwa furaha. Kumi na tisa kwa kumi na tisa. Mabalozi walikuwa wanatikisa vichwa wakitabasamu, kwa sababu kutoka walipokaa sauti ilifika kidogo tu na waliona mwanamke wa kawaida kabisa anaongea Kiingereza kizuri.

"Swali la mwisho," alisema Bwana Lugome. "Mama, je, unamtaka mtoto huyu?"

Nakijwa alimwona Namsifu ameinua uso. Mtoto alikuwa amelisikia swali, na alilielewa swali, na alikuwa anangoja kwa shauku kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Nakijwa alijua jibu la moyoni mwake na alijua jibu la nyuma ya kitabu. Lile la moyoni lingempeleka mtoto kwa yule mama wa miwani. Akamkazia macho mwanawe, akajaribu kumwambia kwa macho yote aliyokuwa nayo, na kwa Kiingereza kile safi alichofundishwa na miaka tisa ya kulea watoto wa watu, akasema:

"Hapana, asante. Ninatazama tu."

Makofi yalilipuka. Bendi ikapiga vipande viwili. Waziri alisimama akapiga makofi juu ya kichwa chake, akasema kwenye kipaza sauti kwamba hapo ndipo tulipokuwa tunapataka. Nakijwa akavishwa medali ya bati yenye picha ya familia ile inayocheka. Hakuitazama. Alikuwa anatazama uso wa Namsifu, uliokuwa unafanya kitu ambacho hajawahi kukiona: ulikuwa unajifunga, polepole, bila chozi.

"Sasa mtoto," alisema Bwana Lugome, akainama, akamwekea kipaza sauti mdomoni. "Swali lako ni moja. Je, unataka kwenda nyumbani na mama huyu?"

Jibu la watoto lilikuwa, "Samahani, mimi ni mgeni hapa." Namsifu alikaririshwa jibu hilo miezi minne, kwa uji na bila uji. Watoto wote wa kituo waliokaa chini mbele ya jukwaa walikuwa wanamchezeshea midomo ili aseme. Nakijwa naye alikuwa anachezesha midomo. Sema, mwanangu. Sema tu, usiulize maana.

Namsifu alimtazama mama yake kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alisema kwa Kiingereza, na sauti yake ikaenda uwanja mzima. "Nataka. Hata kama yeye hanitaki."

Bwana Lugome alifunua nyuma ya kitabu, ingawa alijua. Akapitisha kidole, akatikisa kichwa, akatia alama nyekundu ya kosa. Mtoto ameshindwa, alitangaza; mama aliyefaulu apongezwe, na mtoto apangiwe mzazi mwingine kwa utaratibu. Yule wa miwani alikuwa ameshasimama na mkoba wake.

"Uongo!" Nakijwa alipiga kelele, kwa lugha ya kwao. "Namsifu, nilisema uongo, nakutaka, mwanangu, nakutaka!" Lakini kipaza sauti kilikuwa kimezimwa na Waziri alikuwa ameipungia bendi mkono. Wimbo wa taifa ukaanza. Katika Jamhuri ya Tegemea wimbo wa taifa ukipigwa ni kosa la jinai mtu kutikisika, kwa hiyo watu elfu arobaini walisimama wima mikono ubavuni, mabalozi wakasimama, Bi Sikudhani akasimama huku machozi yanamtiririka. Waliobeba mtoto walikuwa na kibali maalumu cha kutembea.

Wimbo wenyewe una beti sita. Uwanja mzima mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anakimbia, na mlango wa gari la waridi la kituo ulifungwa kwenye ubeti wa pili.